Sura ya Sita: Damon Albarn Ajiimba Mwenyewe

Damon Albarn alikuwa ameshatimiza miaka 46 albamu yake ya solo, Everyday Robots, ilipoingia sokoni tarehe 28 Aprili 2014. Katika roki ya Uingereza huo ni umri wa kuchelewa. Morrissey aliitoa Viva Hate mwezi Machi 1988 akiwa na miaka 28, miezi michache tu baada ya The Smiths kusambaratika. Thom Yorke wa Radiohead aliitoa The Eraser mwaka 2006 akiwa na miaka 37. Wa kwanza aliimba kivyake kwa sababu bendi ilikuwa imemfia mikononi. Wa pili alikuwa likizoni, na kompyuta yake ilikuwa imejaa midundo iliyokosa pa kwenda. Albarn hakusukumwa na lolote kati ya hayo. Bendi alikuwa nayo, tena zaidi ya moja, na kila alipotaka kuimba walikuwapo wa kumwitikia.

Kwa hiyo swali la sura hii si kwa nini aliiacha bendi, maana hakuiacha. Tunauliza mtu aliyezoea kusema kupitia vinywa vya wengine husema nini siku anapotumia kinywa chake, na ni nani anayemwezesha kufika hapo. Everyday Robots inalijibu swali hilo kwa namna isiyotarajiwa. Ili Albarn aweze kuyasimulia maisha yake mwenyewe, ilibidi kwanza akabidhi usukani kwa mtu mwingine.

Miaka ishirini nyuma ya vinyago

Alizaliwa Whitechapel, London, tarehe 23 Machi 1968, akakulia Leytonstone, upande wa mashariki wa jiji hilo. Baba yake, Keith, alikuwa msanii na mwalimu wa sanaa, na mama yake, Hazel, alisanifu majukwaa ya maigizo katika kundi la Theatre Workshop la Joan Littlewood. Familia ilipohamia Essex, jirani na Colchester, kijana huyo alikutana na Graham Coxon katika shule ya Stanway. Wawili hao, pamoja na Alex James kwenye besi na Dave Rowntree kwenye drams, ndio waliokuja kuitwa Blur.

Jina la Blur lilijengwa juu ya wahusika wa kubuni. Albamu yao Parklife ya mwaka 1994 imejaa watu wa mitaani kama riwaya, na hata sauti inayozungumza katika wimbo uliobeba jina la albamu si ya Albarn bali ya mwigizaji Phil Daniels. Agosti 1995 Blur na Oasis walitoa nyimbo siku moja, magazeti yakaufanya mpambano huo kuwa habari ya taifa zima, na Blur wakashinda kwa nakala 274,000 dhidi ya 216,000. Wimbo ulioshinda, Country House, nao ulikuwa kisa cha mhusika, tajiri aliyekimbilia shamba. Mwimbaji alikuwa mbele ya kamera kila siku, lakini katika mashairi yake hukumkuta.

Mara moja tu pazia lilifunguka kidogo. Albamu iitwayo 13, ya mwaka 1999, ilifuata kuvunjika kwa mapenzi yake na Justine Frischmann, mwimbaji wa bendi ya Elastica, na maumivu yake yanasikika waziwazi. Hata hapo, wimbo wa kwanza umebebwa na kwaya kubwa ya injili, London Community Gospel Choir, kana kwamba huzuni ya mtu mmoja isingesimama bila watu wa kuishika mkono.

Kisha pazia likafungwa tena, safari hii kabisa. Pamoja na mchoraji Jamie Hewlett, Albarn alianzisha Gorillaz, bendi ambayo wanachama wake wote ni vibonzo. Katika maonyesho yao ya mwanzo watazamaji waliona michoro kwenye skrini, na wapigaji halisi walikuwa nyuma yake. Ilikuwa moja ya bendi zilizouza sana duniani miaka ya 2000, na mwimbaji wake alikuwa kivuli.

Kwingine alikopita aliendelea kukaa katikati ya kundi. Katika Mali Music ya mwaka 2002 alishirikiana na Afel Bocoum na Toumani Diabaté. The Good, the Bad & the Queen ilimkutanisha na Tony Allen, mpiga drams wa Nigeria aliyeujenga mdundo wa Afrobeat pamoja na Fela Kuti. Mwaka 2006 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Africa Express, na mwaka 2011 alikwenda Kinshasa na kundi la maprodyuza wakarekodi albamu na wasanii wa huko kwa ajili ya shirika la Oxfam. Kuna pia opera, na kuna Democrazy ya mwaka 2003, rundo la nyimbo mbichi alizorekodi hotelini akiwa ziarani Marekani, zikatolewa kwenye santuri kwa nakala chache. Hiyo ilikuwa daftari la mazoezi. Albamu kamili ya nyimbo zake, yenye jina na sura yake kwenye jalada, ilisubiri hadi mwaka 2014.

Mwenye mkasi

Mtu aliyemtoa nyuma ya pazia ni Richard Russell, mkuu wa lebo ya XL Recordings, ile iliyowatoa The Prodigy na Adele, na ndiyo iliyotoa pia The Eraser ya Yorke. Russell alianza kama DJ. Mwaka 2010 aliproduzi albamu ya mwisho ya Gil Scott-Heron, akakiacha kile kizee cha Kimarekani kiseme juu ya midundo michache mno, bila mapambo. Miaka miwili baadaye yeye na Albarn walifanya kazi pamoja kwenye albamu ya Bobby Womack. Albarn alikuwa ameona kwa macho yake jinsi Russell anavyofanya kazi na wazee wenye historia nzito: anapunguza, anapunguza tena, mpaka sauti ya mwenye hadithi inabaki haina pa kujificha.

Hicho ndicho alichokitaka kwa ajili yake. Albarn alimpelekea Russell makumi ya nyimbo alizokuwa ameziandika, akamwachia achague. Kwa mtu aliyeziongoza bendi zake kwa mkono wa chuma, hilo si jambo dogo. Mtunzi yeyote hupenda zaidi zile nyimbo zinazomwonyesha alivyo hodari. Msikilizaji wa nje huzisikia zile zinazomwonyesha alivyo. Zilizopita katika mkasi wa Russell ni 12, na zote pamoja hazifiki dakika 50.

Kazi ilifanyika Studio 13, studio ya Albarn iliyo magharibi mwa London. Mgawanyo wake unasikika bila kuhitaji maelezo. Albarn analeta piano, gitaa la kukung'uta, ukulele na ile sauti yake yenye uchovu wa mtu aliyeamka sasa hivi. Russell analeta midundo, na midundo yenyewe haina kishindo cha drams. Ni mitekenyo na migongano mikavu, kama mlango wa kabati unaofungwa chumba cha pili. Vinanda vya nyuzi vinaingia na kutoka bila kupiga kelele. Panapotarajiwa kiitikio kikubwa cha kuimbwa na uwanja mzima, pameachwa nafasi tupu.

Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, unafunguliwa na sauti ya Lord Buckley, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1960, kisha kipande cha fidla kinaanza kujirudia kwa mkwaruzo. Mashairi yanawatazama watu wanaorudi nyumbani wameinamia simu zao. Ni rahisi kuusikia kama mahubiri ya mzee dhidi ya teknolojia, ila mhubiri huyu ni muumini wa simu. Mwaka 2010 Albarn alirekodi sehemu kubwa ya albamu ya Gorillaz iitwayo The Fall kwenye iPad akiwa ziarani Amerika Kaskazini, na video ya Lonely Press Play, wimbo wa tatu wa albamu hii, ameikusanya kutoka picha alizopiga mwenyewe kwa tableti katika miji na nchi mbalimbali. Anapowaimba roboti wa kila siku, na yeye yumo kwenye foleni yao. Lonely Press Play inakiri hivyo waziwazi: mpweke anabonyeza kitufe, muziki unaanza, na kwa muda huo anakuwa na mwenzake.

Bwawa la utotoni

Moyo wa albamu uko katika wimbo wa nane, Hollow Ponds. Jina ni la mahali halisi. Hollow Ponds ni mabwawa yaliyo Leytonstone, kwenye ukingo wa kusini wa msitu wa Epping, mahali ambapo watoto wa mashariki mwa London wamekuwa wakienda kucheza na kukodi mitumbwi.

Wimbo umejengwa kwa miaka. Kila ubeti unatua kwenye tarehe, na tarehe hazifuatani: 1976, 1991, 1979, 1993. Ndivyo kumbukumbu zinavyomjia mtu anayetembea mtaa wa zamani, kila kona na mwaka wake.

Mwaka 1976 ni ule wa joto kali ambalo Waingereza wa umri huo bado wanalizungumzia. Kuanzia tarehe 23 Juni, kwa siku 15 mfululizo, joto lilivuka nyuzi 32 mahali fulani nchini humo. Mito ilikauka, maji yakawekewa mgawo, na serikali ikateua waziri wa kushughulikia ukame. Albarn alikuwa na miaka minane, na watu walikuwa wakijitupa bwawani kupoa. Mwaka 1979 ni wa shule mpya ya Essex, yaani wa mtoto aliyeng'olewa mjini. Mwaka 1991 umebeba barabara: mradi wa kuiunganisha M11 na mashariki mwa London ulibomoa mamia ya nyumba za Leytonstone, ukazusha moja ya harakati kubwa za kupinga barabara katika historia ya Uingereza, na ukaukata mtaa wa Fillebrook Road alikokulia Albarn. Mwaka 1993 ni wa maandishi ya ukutani jijini London ambayo Blur waliyageuza kuwa jina la albamu, Modern Life Is Rubbish.

Umaarufu wote wa Blur umepewa mstari mmoja tu, nao unahusu ukuta. Hakuna Parklife, hakuna vita na Oasis, hakuna uwanja uliojaa. Mtu aliyeishi miaka yake ya ujana mbele ya kamera za nchi nzima anapojisimulia, anasimulia joto, shule, barabara na rangi ya kupuliza. Gitaa linaenda polepole chini yake bila kubadili mwendo, kwa dakika tano hivi, na hakuna kiitikio cha kutushtua. Mwandishi mwoga angeuita wimbo huu mchango wa historia ya mtaa. Mimi nauona kuwa ndio wimbo bora aliowahi kuuandika, kwa sababu ndani yake hakuna mtu anayeigizwa.

Ndama wa Mkomazi

Na sasa tembo. Katikati ya huzuni hii yote, wimbo wa nne unaingia kwa ukulele na furaha ya wazi, na jina lake msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa: Mr Tembo.

Albarn aliutunga kwa ajili ya ndama wa tembo aliyekutana naye Mkomazi, kaskazini mwa Tanzania. Ndama huyo alikuwa yatima aliyechukuliwa na kulelewa hapo, na mgeni kutoka London akamtungia wimbo na kumwimbia. Mkomazi imelala kati ya milima ya Pare na Usambara na mpaka wa Kenya, ng'ambo yake ikiwa Tsavo, na ilipandishwa hadhi kutoka pori la akiba hadi Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Tangu mwaka 1989 kazi ya kuifufua iliendeshwa kwa miaka mingi na Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyewahi kuwa msaidizi wa mhifadhi George Adamson huko Kora, Kenya. Huko faru weusi na mbwa mwitu walirudishwa na kuzalishwa chini ya ulinzi.

Wimbo hausemi lolote kuhusu ujangili, na sidhani ulipaswa kusema. Ila msomaji wa Tanzania hawezi kuusikia bila kukumbuka miaka ile. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 nchini. Ya mwaka 2014, mwaka uleule albamu ilipotoka, ilihesabu 43,000 na ushee. Ndama yatima hakuwa kioja wakati huo. Albarn anamwimba kama mtoto anavyoimbiwa, mtu mdogo aliyejikuta mahali asipopanga kufika na sasa analazimika kupanda mlima.

Wanaoitikia ni Leytonstone City Mission Choir, kwaya ya kanisa la Kipentekoste lililokuwa jirani na nyumba ya kina Albarn alipokuwa mtoto. Kuimba kwao kulikuwa kukimfikia akiwa nje. Miaka karibu arobaini baadaye aliwaingiza kwenye albamu yake wamwitikie ndama wa Upareni. Ukitazama kwa haraka unaona Mkomazi na Leytonstone zimegongana bila sababu. Ukisikiliza unaona kwamba hii kwaya haikukodiwa kwa ajili ya kupamba, kama alivyozoea kufanya na waalikwa wa Gorillaz. Imo kwa sababu ni sehemu ya hadithi yake, na ndivyo ilivyo kwa ndama. Mtoto aliyehamishwa kutoka Leytonstone bila kuulizwa na yatima aliyepotelewa na kundi lake wanaelewana.

Lile asilolisema zamani

Wimbo wa saba, You and Me, unapita dakika saba na ndio mzito kuliko yote. Katika mahojiano ya mwaka 2014 Albarn alizungumza bila kificho kuhusu kutumia heroini katikati ya miaka ya 1990, wakati Blur ikiwa kileleni. You and Me unayataja mambo hayo kwa vifaa vyake, bila toba ya kuigiza na bila kujisifu, tena kwa jina la mtaa: All Saints Road, katika eneo la Notting Hill, ambako jamii ya Wakaribi hufanya kanivali kila Agosti. Ngoma za chuma za kanivali hiyo zinasikika ndani ya wimbo, zikiwa mbali kidogo, kana kwamba sherehe inapita nje na msimuliaji amefungiwa ndani.

Kwenye albamu za Blur jambo hili lilikuwapo pia, limefunikwa kwa mafumbo. Kilichobadilika ni umri na mtu wa kumwangalia. Prodyuza aliyekwishawasikiliza Scott-Heron na Womack, watu wawili ambao dawa za kulevya ziliwala miaka mingi, alijua jinsi ya kuuacha wimbo kama huu ujiendee bila kuuharakisha kwenye funzo.

Si kila mahali mkasi ulikata sawasawa. Nyimbo kadhaa zinatembea kwa mwendo mmoja, na Hostiles ikifuatiwa na Lonely Press Play humfanya msikilizaji mchovu ashindwe kuzitenganisha. The Selfish Giant, pamoja na sauti nzuri ya Natasha Khan wa Bat for Lashes, inavuta miguu. Ni gharama ya uamuzi wenyewe: ukiondoa kelele zote zilizokuwa zikimficha mtu, unaondoa na baadhi ya zile zilizokuwa zikimchangamsha.

Albamu inafungwa na Heavy Seas of Love, na hapo Albarn anafanya jambo ambalo mwimbaji mwingine wa solo asingethubutu. Anampa beti mtu mwingine. Brian Eno, aliyeanza na Roxy Music, akabuni muziki wa mandhari na kushirikiana na David Bowie na U2, ndiye anayeimba beti kwa sauti yake nzito ya kizee, na Albarn anaingia kwenye kiitikio pamoja na ile kwaya ya Leytonstone. Neno la mwisho la albamu ya mtu mmoja ni la umati.

Hesabu ya mwisho

Everyday Robots ilifika nafasi ya pili katika chati ya albamu ya Uingereza na ikateuliwa kuwania tuzo ya Mercury ya mwaka 2014, iliyochukuliwa na Young Fathers wa Edinburgh. Albarn alizunguka nayo na bendi aliyoiita The Heavy Seas, na Novemba mwaka huo akaipeleka Royal Albert Hall, London, kwa usiku mbili. Eno alipanda jukwaani, na Coxon pia.

Mwaka uliofuata Blur walitoa The Magic Whip. Ilianza kama rekodi zilizofanywa Hong Kong mwezi Mei 2013 na kuachwa. Coxon ndiye aliyezichukua, akakaa na prodyuza wao wa zamani Stephen Street, akazipanga na kuzirudisha kwa Albarn ili amalizie mashairi. Kwa mara nyingine, mtu mwingine aliichambua kazi yake na kumwonyesha kilichomo. Albamu yake iliyofuata kwa jina lake, ya Novemba 2021, ilitokana na mandhari ya Iceland na jina lake lilichukuliwa kwa mshairi John Clare. Ni kazi nzuri, ila inatazama bahari na milima. Maisha yake mwenyewe aliyaimba mara moja, mwaka 2014.

Wapenzi wa muziki hupenda kuhesabu nani kaimba, nani kapiga, nani kaandika, kisha waseme albamu fulani ni ya solo kweli au ya jina tu. Kwa hesabu hiyo Everyday Robots ingefeli: ina prodyuza aliyechagua nyimbo, kwaya nzima, mwimbaji mgeni, mzee aliyefunga pazia na yatima wa Mkomazi. Lakini wote hao wanatumikia hadithi moja. Katika Gorillaz Albarn aliwaalika watu kibao ili yeye asionekane. Hapa amewaalika wachache, na kila mmoja wao anamwonyesha yeye. Ukitaka kujua kama albamu ni ya solo, acha kuhesabu majina kwenye jalada, uliza tu inamhusu nani.